Kuku Mgonjwa Mnadani



Tangu mvua zinapokatika mwezi wa Aprili hata mawingu ya Desemba yarudipo, uwanda wa kati wa nchi yetu huishi kwa akiba. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu, nayo kwa wastani haipiti sana milimita 570 kwa mwaka. Mlenda, majani ya kunde na majani ya maboga, vilivyojaa mashambani wakati wa masika, sasa vimo ndani ya vibuyu na magunia, vikiwa vimeanikwa na kukauka, na mama wa nyumba huchota kidogo kidogo akihesabu miezi kwa vidole. Bustani zilizosalia ni zile za kandokando ya makorongo, ambako watu huchimba visima mchangani na kumwagilia mchicha, nyanya na vitunguu kwa ndoo, alfajiri na jioni. Na uani wapo kuku, wakichakura vumbini, ambao hawangoji mvua.

Nyumba yenye kuku kumi bado haijaishiwa. Jogoo mmoja ni daftari na kalamu za mtoto. Matetea wawili ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Na mgeni abishapo hodi ghafula, heshima ya mji mzima husimama juu ya kuku. Wala hatujasema neno juu ya sadaka za mavuno, ambazo sisi mapadre twazijua vizuri kuliko tupendavyo kukiri: jogoo aliyefungwa miguu mbele ya altare hupenda kuwika katikati ya Sala ya Ekaristi, wanakwaya wakainamisha nyuso, na padre akamkumbuka Petro.

Ni katika miezi hii hii ya kiangazi ndipo mdondo hupenda kupita. Wasomaji wetu wa vijijini hawahitaji kuelezwa ugonjwa huu. Lakini kwa ajili ya wale wa mijini, ambao hukutana na kuku akiwa tayari ndani ya sahani, yafaa tuseme kidogo. Wataalamu huuita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Pengine watu huuita kideri. Huletwa na kirusi. Kuku huanza kuzubaa, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka kama koti la kuazima. Huharisha kijani, huhema mdomo wazi, na wale wanaodumu siku chache zaidi hupinda shingo na kuzunguka mahali pamoja. Dawa ya kumponya haiko. Ua uliokuwa na kuku thelathini Jumapili hii, Jumapili ijayo waweza kubaki na wawili.

Basi hutokea nini asubuhi ile ambapo mama afungua banda na kumkuta jogoo amelala kifudifudi? Twajua sote. Wale wanaosimama bado hukamatwa upesi, hufungwa miguu, hutiwa tengani na kupelekwa mnadani kabla jua halijawa kali. Bei hupunguzwa, lakini si sana, mnunuzi asije akashuku. Akiuliza, “Mama, mbona wawauza wote kwa pamoja?”, jibu liko tayari: ni ada ya shule. Naye huwachukua hata kijiji kingine, akawaachia uani pamoja na kuku wake na wa majirani zake, na baada ya juma moja kilio kile kile chasikika huko. Hivyo mdondo husafiri kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa basi, ukilipiwa nauli na watu waliobatizwa.

Je, kufanya hivyo ni dhambi? Swali hili tunataka kulijibu leo waziwazi, maana tunaona kwamba wengi hawajapata hata kujiuliza. Mtu hukiri kwamba alikosa Misa, kwamba aligombana na mkwe wake, kwamba alimtukana mtoto. Lakini tenga lile la kuku halitajwi katika kiti cha kitubio.

Pengine msomaji atasema kwamba jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa wa mhariri, na kwamba magazeti yafaa yashughulike na mambo makubwa. Uwanda wetu umekwisha kuona mambo makubwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta na wataalamu, wakanuia kulima karanga katika mamilioni ya ekari za nchi hii na za jirani. Mvua haikutii mpango, udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 serikali yao iliufuta mradi huo pamoja na zaidi ya pauni milioni 30 zilizokwisha kutumika. Matrekta yaliharibika. Katika nyua za wenyeji waliouzunguka mradi ule, kuku waliendelea kuchakura, na akina mama waliendelea kuanika mlenda. Hatusemi haya kwa kudharau elimu, ambayo twaihitaji sana. Twasema tu kwamba wanaodhani uchumi wa Dodoma uko mahali pengine nje ya ua wa mama hawajaitazama Dodoma. Hata Baba Mtakatifu Yohane wa 23, mwana wa wakulima wa kijijini, katika barua yake ya mwaka 1961 iitwayo Mater et Magistra, alitumia kurasa nyingi kuzungumza juu ya kilimo na shamba la jamaa, wala hakuona kwamba anaishusha hadhi ya Kiti cha Petro.

Turudi kwenye tenga. Amri ya saba yatukataza kuiba, na wengi hudhani kwamba mwizi ni yule tu aingiaye usiku. Lakini Maandiko Matakatifu yana macho makali zaidi. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Mungu ajishughulisha na ng’ombe mwenye desturi ya kupiga watu pembe. Ikiwa mwenye ng’ombe hakujua tabia ya mnyama wake, hahesabiwi hatia; lakini ikiwa alikwisha kuonywa, naye asimfunge, maafa yatakayotokea yako juu ya kichwa chake. Na katika sura ya 22 imeamriwa kwamba mtu akiachilia mnyama wake akala shamba la mwingine, atalipa kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Yaliyo bora, wala si makapi. Tazameni jinsi Mungu wa Sinai alivyo mwangalifu katika mambo ya uani! Yeye apimaye mbingu kwa shubiri hakuona haya kuamua kesi ya bustani iliyoliwa. Nasi tukikumbuka ni ugomvi mangapi katika vijiji vyetu huanza na kuku wa jirani aliyefukua mbegu za mchicha, twaelewa kwa nini.

Sheria hiyo ya ng’ombe yatupa mizani yetu. Aliyeuza kuku bila kujua kwamba ugonjwa umeingia, huyo amepatwa na bahati mbaya, na mnunuzi vilevile. Lakini yule aliyewazika wanne alfajiri na kuwauza saba saa tatu, yeye ameonywa. Wale wanne waliokufa ndio waliomwonya.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, aliuliza katika kitabu chake cha teolojia kama mwuzaji hulazimika kumwambia mnunuzi kasoro ya kitu anachouza. Jibu lake lina busara ya mtu aliyetembea sokoni. Kasoro ikiwa wazi, asema, kama vile farasi mwenye jicho moja, na bei ikiwa imepunguzwa ipasavyo, mwuzaji halazimiki kuitangaza, maana mnunuzi ana macho. Lakini kasoro ikiwa imefichika, nayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, mwuzaji hana budi kuisema. Akinyamaza, ametenda udanganyifu, na biashara yake ni haramu. Sasa tupime kuku wetu. Mdondo siku ya kwanza hauonekani. Kuku husimama, hula, hutazama. Hakuna kasoro iliyofichika kuliko hiyo. Na hasara yake haiishii kwa mnunuzi, kwa kuwa farasi chongo hawezi kuwatia uchongo farasi wote wa kijiji, lakini kuku mmoja mwenye mdondo aweza kuumaliza ukoo mzima wa kuku. Kwa hiyo hata kupunguza bei hakutoshi. Twaweza kupatana bei na mnunuzi aliye mbele yetu, lakini yule mjane anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake hakuwapo tulipopatana.

Ndiyo, ni dhambi. Ukubwa wake hupimwa kwa ujuzi wa mtu na kwa hasara aliyoisababisha, na katika nyumba ambayo kuku ni daftari na dawa, hasara hiyo si ndogo.

Hatuandiki haya tukiwa juu ya mimbari na kuwatazama wengine. Tulipokuwa tungali seminari kuu, tulirudi nyumbani likizo ya kiangazi. Asubuhi moja mama alituita uani. Kuku wanne walikuwa wamekufa usiku. Saba walikuwa wamesimama, na wawili kati yao walikuwa wamejikunyata penye kivuli ingawa jua lilikuwa bado changa. Mama hakusema neno. Alileta kamba za katani, nasi, ambao mwezi mmoja tu uliopita tulikuwa tumefaulu mtihani wa maadili, na farasi yule wa Mtakatifu Tomaso akiwamo, tuliwafunga miguu, tukawaning’iniza kwenye baiskeli, tukaenda nao mnadani. Aliyewanunua alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kanzu safi. Alimkamata mmoja akataka kumfunua jicho, kisha akauona msalaba shingoni mwetu. “Wewe ni Frateri?” aliuliza. Tukaitikia kwamba ndivyo. Akamwachia yule kuku, akasema kwamba kwa mtoto wa Kanisa hana haja ya kukagua, akahesabu fedha yake. Sisi tukaipokea. Fedha ile ndiyo iliyotulipia nauli ya kurudi seminarini kujifunza utakatifu.

Miaka imepita, na hatujasahau namna alivyokitoa kidole chake katika jicho la kuku yule.

Tumelitaja jambo hili ili msomaji ajue kwamba twaufahamu ubishi wake, maana ndio uliokuwa ubishi wetu. Mtu husema: “Padre, nikiwaacha wafe, watoto watakula nini? Mimi ni maskini. Mnunuzi ana uwezo kuliko mimi.” Hatuudharau ubishi huu. Umaskini hupunguza hatia mara nyingi kuliko matajiri wanavyodhani, na Mungu aujua uzito wa tumbo tupu. Walakini, mnunuzi wa kuku mnadani kwa kawaida si tajiri. Ni mama mwingine aliyeweka akiba ya miezi mitatu apate matetea wawili wa kuanzia. Umaskini wetu tumeuhamisha tu. Tumeutoa kwetu tukaupeleka kwake, naye hakutuomba.

Kisha iko njia nyingine. Kuku aliye katika hatari aweza kuchinjwa na kuliwa nyumbani, akipikwa hata akaiva barabara. Manyoya, matumbo na maji ya kumwosheshea vifukiwe chini, visitupwe kwa mbwa wala jalalani, maana huko ndiko ugonjwa upatako miguu mipya. Waliokufa wenyewe wachomwe moto au wazikwe shimoni. Majirani waambiwe siku ile ile, wapate kuwafungia wao. Twajua kwamba neno hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Watu huona aibu, tena huogopa kwamba watasemwa wameleta mkosi, au kwamba mtu fulani atatajwa kuwa mchawi. Kirusi hakina habari na uchawi; na mlango unaofungwa ili aibu isitoke ndio unaoupa ugonjwa siku tatu za kutembea.

Zamani, tuseme kweli, dhambi hii ilikuwa na lijamu. Mtu alimwuzia mtu anayemjua, na kuku akifa, malalamiko yalirudi mlangoni kabla ya jua kutua. Siku hizi mambo ni mengine. Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na hasa tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, mji umepanuka hata umeyafikia mashamba, na walaji wamekuwa wengi. Kila mtumishi ataka kuku wa kienyeji mwisho wa juma, na mboga mbichi kila siku. Hii ni baraka kwa mwenye bustani na mwenye banda, wala asiione kuwa laana. Lakini mnunuzi sasa hana uso. Kuku huingia tengani Bahi au Chamwino, hubadilishwa mikono mara tatu, na anayemla hatujui jina lake. Ndipo mtu ajiambiapo kwamba asiye na uso hana haki.

Nalo jambo hili haliko katika kuku peke yake. Katika bustani za makorongo wako wanaopulizia nyanya dawa ya wadudu leo jioni na kuzichuma kesho alfajiri, wakijua kabisa kwamba maandishi ya chupani yataka siku zihesabiwe. Tena tumeona kwa macho yetu tuta moja dogo pembeni mwa bustani, lisilopuliziwa kitu, na tulipouliza tukaambiwa kwamba hilo ni la kula nyumbani. Mwenye tuta la namna hiyo hahitaji mhubiri, kwa kuwa amekwisha kujihukumu mwenyewe, na hukumu ameiandika ardhini kwa jembe.

Lakini tukiwakemea wauzaji wadogo na kuwanyamazia wakubwa, tutakuwa kama wale manabii wa mfalme waliotabiri alichopenda. Mchuuzi wa mjini ajaye bustanini na kudai gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu hata likawa gunia moja na nusu, naye akalipa bei ya gunia moja, huyo pia avunja amri ya saba, na sheria ya vipimo ya nchi vilevile. Torati ilikataza mtu kuwa na vipimo viwili mfukoni, kikubwa na kidogo. Mkulima hukubali kwa sababu nyanya haingoji. Ikilala siku mbili imeoza. Kumtega mtu kwa kuoza kwa mali yake ni wizi, hata kama mwizi amevaa saa nzuri na kuacha mchango mkubwa siku ya mavuno.

Tuingie ndani ya nyumba pia, kwa kuwa huko nako kuku huuzwa bila haki. Katika miji mingi ya uwanda huu, ng’ombe ni wa baba, na kuku ni wa mama na watoto. Ndivyo desturi ilivyogawa, na tangu kale haikuhitaji kuandikwa. Ni mama anayewafungulia asubuhi, anayewatafutia mchwa, anayeatamisha mayai. Lakini jioni fulani baba ana kiu, au wageni wa kilabuni wamemfuata, na tetea aliyekuwa anataga huondoka bila mwenyewe kuulizwa. Mfalme Ahabu aliona shamba la mizabibu la Nabothi, akalitaka lipate kuwa bustani yake ya mboga, na kwa ajili ya bustani ya mboga damu ilimwagika. Hatusemi kwamba kila baba mwenye kiu ni Ahabu. Twasema tu kwamba uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 uliona kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini mwetu wamedumaa, na kwamba mtoto huyo alihitaji yai, nalo lilikuwako, lakini likageuzwa kuwa pombe. Na akina mama wengine, tusiwafiche, huuza mayai yote hadi la mwisho kununua vitu vya kujionyesha, mtoto akabaki na ugali na chumvi.

Tufike sasa mahali palipotufanya tuandike. Mdondo hauna dawa, lakini una kinga, tena kinga yenyewe ni rahisi. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia, na ambayo hapa kwetu hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Imefanywa kwa ajili ya nchi kama yetu: huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, hata yaweza kubebwa mpaka kijiji kisicho na umeme, ikikaa kivulini katika kitambaa kibichi. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, mkubwa na mdogo, na kurudiwa kila miezi mitatu au minne. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Humkinga aliye mzima. Kwa hiyo hutolewa kabla ya kilio, si baadaye.

Kwa nini basi haijaenea katika kila ua? Bei yake si kikwazo kikubwa. Kikwazo, tunavyoona sisi, ni kichupa. Kichupa kimoja hutosha kuku mia moja na zaidi, na kikisha kuchanganywa hakiwezi kuwekwa hata mwezi ujao. Lazima kitumike upesi. Mama mwenye kuku tisa atafanya nini na matone mia? Peke yake, hawezi kitu. Tena hata akiweza, kuku wa jirani asiyechanja huja uani kwake kila siku kula pumba, na vifaranga wapya waliozaliwa baada ya chanjo hawana kinga. Hapa mwuguzi wa kuku na mhubiri wa Injili wamekutana njia panda: hakuna awezaye kuwaokoa kuku wake bila kuwafikiri kuku wa jirani yake.

Nasi Wakatoliki tunacho chombo kilicho tayari. Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo Maaskofu wa Afrika Mashariki walizisisitiza tangu miaka ya 1970, hukutana kila juma nyumba kwa nyumba. Zinajua nani ana kuku wangapi. Mwenyekiti wa jumuiya akihesabu kuku wa nyumba kumi na mbili, akakusanya fedha kidogo kwa kila kuku, akamwita afisa mifugo wa kata au kijana mmoja aliyefundishwa naye, kazi ya asubuhi moja tu itatosha. Na hesabu hiyo isiishie penye mpaka wa ubatizo. Dodoma ina Waanglikana wengi, ina Waislamu, ina watu wasio na dini. Nyumba ya Mwanglikana ikirukwa, mdondo utaingia kwa mlango huo na kutoka kwa mlango wa mwenyekiti wa jumuiya. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria. Mkulima wa Chamwino aweza kujibiwa kwa ufupi zaidi, kwamba jirani ni yule ambaye kuku wake huvuka.

Tena Bwana wetu huyo huyo, alipotaka kuieleza Yerusalemu jinsi alivyoipenda, hakujilinganisha siku ile na simba wala tai. Alisema juu ya kuku akusanyaye vifaranga vyake chini ya mabawa. Watoto wetu wote wamemwona kuku huyo wakati mwewe anapozunguka juu: jinsi anavyojitandaza, akawa mpana kuliko alivyo.

Msomaji atataka kujua habari ya wale kuku saba. Tuliporudi seminarini tulikiri. Padre aliyetuungamisha, mzee wa maneno machache, hakutupa sala ndefu. Aliuliza mnunuzi ni nani. Tulisema hatumjui jina. Akaagiza tumtafute. Zakayo, alisema, hakungoja wale aliowadhulumu wamfuate. Likizo iliyofuata tulikwenda mnadani mara mbili, hatukumwona. Wengine walimdhania kuwa mtu wa vijiji vya upande wa kusini, wengine walisema ni msafiri. Padre yule alitufundisha desturi ya Kanisa, kwamba mwenye mali asipopatikana, maskini husimama mahali pake.

Hapo ndipo ilipotulazimu kumwambia mama. Tuliogopa kwamba ataona tunamhukumu. Alikaa kimya, akiendelea kuchambua majani ya kunde, kisha akasema kwamba yeye naye hakulala vizuri tangu siku ile. Mwaka huo majirani wake wanane walikuwa wamechanga kichupa, kuku wakaongezeka. Baada ya masika alichagua matetea saba. Sisi tulimshika mkono kwa mmoja mwenye mguu mbaya, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumrudisha bandani. Akaenda nao kwa miguu vijiji vile vya kusini, akiwagawa kwa nyumba alizoelekezwa kuwa hazina kitu. Nyumba ya kwanza ilipokea, na ya pili. Nyumba ya tatu alimkuta mama kijana mwenye watoto watatu, ambaye mdondo ulikuwa umemmalizia banda lake mwaka uliopita. Yule mama kijana hakushangilia. Alimpokea tetea, akamgeuza, akamfunua jicho kwa kidole, akauliza, “Hawa wamechanjwa, mama?”

“Wamechanjwa, mwanangu, mwezi uliopita,” mama alijibu. “Jicho la kulia.”

Ndipo yule akaifungua kamba.